Bosi, Ukweli Uko kwa Kibanda cha Chai

Kuna habari hapa Nairobi zenye kila mtu anazijua isipokuwa mtu mmoja: yule analipwa kuzijua. Ingia kiwanda chochote, ama duka la jumla, ama mradi wenye kibao kikubwa cha wafadhili hapo nje, uulize meneja kazi inaendaje. Atakufungulia laptopu akuonyeshe grafu. Sasa toka nje, vuka barabara, kaa kwa mama wa chai, agiza ndengu na chapo mbili, halafu unyamaze tu. Kabla sahani iishe utajua nani anaacha kazi mwezi ujao, mali inatokea mlango gani wa stoo, na kwa nini dereva fulani hapendi kupangwa Jumamosi.

Wengi wetu Kibera na Kawangware ndio tuko upande huo wa barabara. Asubuhi kabla jua litoke vizuri, simama kando ya reli pale Laini Saba uone vile watu wanamiminika kwa miguu kwenda Industrial Area kutafuta kibarua. Kawangware ni hivyo hivyo, tu wao wanaelekea Lavington na Kileleshwa: watu wa mjengo, masoja wa geti, wamama wa kufua. Hiyo safari ni mkutano wa wafanyakazi wenye hauna mwenyekiti na hakuna mtu anaandika. Hapo ndio unaambiwa kampuni gani inachelewesha mshahara, foromani gani ni mkali bure, mjengo gani wanachanganya mchanga mwingi kuliko simiti. Mtu akitaka kujua hali ya uchumi wa Nairobi mimi ningemshauri anunue raba nzuri atembee nao wiki moja.

Shida ni jina. Hizi stori tunaziita umbea. Udaku. Mucene, ukiwa na wamama fulani wa Kawangware. Mtu akishasikia hayo maneno anakunja uso, anaona ni mambo ya watu hawana kazi. Lakini nusu ya kile kinaitwa umbea kazini ni habari tu zenye hazijapata mtu wa kuziandika.

Na si mimi wa kwanza kusema. Kabla niache kampasi nilikuwa nasoma biashara, na kati ya yote tuliyofundishwa kuna jina moja halijawahi kunitoka kichwani: Henry Mintzberg, profesa wa Kanada. Huyu jamaa alifuata wakurugenzi wakuu watano, kila mmoja wiki nzima, akiandika kila kitu wanafanya. Mwaka 1975 akachapisha makala kwenye Harvard Business Review. Watu walikuwa wanadhani meneja ni mtu wa kukaa chini, kusoma ripoti na kupanga mipango. Mintzberg akapata kwamba asilimia 78 ya muda wao ilikuwa inaenda kwa kuongea. Na kitu chenye walikuwa wanathamini sana kilikuwa uvumi, tetesi, maneno ya kusikia. Sababu ni rahisi: uvumi unafika mapema. Ripoti ya mwezi inafika jambo likishaoza.

Kabla yake, mwaka 1953, kuna mwingine anaitwa Keith Davis alikuwa ameandika kwenye jarida hilo hilo kuhusu vile habari za mdomo zinasafiri ndani ya kampuni. Akaona kwamba si kila mtu anazipitisha. Wengi wanapokea tu, wachache ndio wanabeba. Ukifikiria kibanda cha chai utaelewa mara moja: watu hamsini wanakula hapo, lakini habari zinapitia kwa mama mwenyewe, kwa soja, na kwa yule jamaa wa boda mwenye anajua kila mtu anaishi wapi.

Sasa, mkurugenzi wa Marekani kumpigia simu mkurugenzi mwenzake ni kitu kimoja. Mtu wa kibarua kuongea na bosi ni kitu kingine kabisa, na hapo ndio nataka tukae kidogo.

Nilifanya kazi miezi saba kwa kampuni moja ya kupakia bidhaa huko Industrial Area. Jina lake halisaidii mtu. Kila asubuhi tulikuwa tunasimama kwa geti, supavaiza anatoka na kitabu, anaita majina. Ukiitwa, siku yako ni mia sita. Lakini kila mtu pale nje alijua kwamba ukitaka kuitwa kesho, mia moja ya leo inarudi kwa supavaiza. Jioni, mkono kwa mkono, pale kwa ukuta. Ukikosa hiyo soo, kitabu kinakuruka.

Angalia vile hiyo kitu inaharibu kazi. Wenye waliitwa walikuwa wale wanalipa, na si wale wanajua kupakia. Kulikuwa na wamama wamefanya hiyo kazi miaka sita, katoni zao hazirudi hata moja, wakaachwa nje kwa sababu wamekataa kukatwa. Ndani wakaingia vijana wageni kila wiki. Katoni zikaanza kurudi zimebonyea. Meneja akawa anaita mikutano kuhusu ubora. Akaleta mtu wa kutufundisha. Akabadilisha gundi! Manze, alibadilisha gundi mara mbili. Shida ilikuwa mia moja pale kwa ukuta, na ilikuwa inajulikana na watu karibu themanini, pamoja na mama wa chai, ambaye alikuwa anakopesha watu hiyo mia wakikosa.

Kisha wakaleta sanduku la maoni. Si unajua yale masanduku ya mbao yenye kufuli ndogo? Likawekwa kando ya mlango wa supavaiza. Ufunguo, kwa supavaiza. Fomu zenyewe zilikuwa za Kiingereza na juu kuna mahali pa kuandika jina na nambari ya kazi. Nikitoka hapo lilikuwa limejaa karatasi za peremende.

Sasa kuna jamaa mmoja wa Gatwekera, tulikuwa tunatembea naye kwa reli asubuhi. Mtu mpole, watoto wawili. Siku moja meneja akamkuta pale gari zinaegeshwa, akamsalimia vizuri, akamuuliza mnaonaje kazi. Jamaa akaona, huyu ni mtu. Akamwambia yote. Meneja akashtuka kabisa, akamshukuru. Akaingia ndani, akamwita supavaiza, akamwambia: fulani ameniambia hivi na hivi, ni kweli? Supavaiza akakataa. Ikaishia hapo.

Kesho yake jina la jamaa halikuitwa. Wala kesho kutwa. Wiki mbili alisimama pale geti. Siku ya kumi na tatu ama kumi na nne akaenda kubeba mawe kwa mjengo South B, na sisi tukabaki na hiyo picha.

Meneja hakuwa mtu mbaya, na hiyo ndiyo inaniuma. Alitaka ukweli kweli kweli. Kitu chenye hakuelewa ni kwamba akishataja jina moja, amefunga midomo themanini. Miezi michache baadaye gari zikaanza kutoka na katoni za ziada, na tena kila mtu alijua, hadi nambari za gari. Hakuna mtu alisema. Mimi nilikuwa mmoja wa wale walinyamaza na ningerudi pale leo ningenyamaza tena, kwa sababu nilikuwa nimeona bei ya kuongea: wiki mbili kwa geti halafu mawe.

Kwa hivyo nikisikia bosi analalamika ati wafanyakazi wake hawamwambii kitu, swali langu huwa moja. Yule wa mwisho kukuambia kitu, ako wapi saa hii?

Nimesema mabaya, wacha niseme mazuri pia, kwa sababu kuna mahali hii kitu ilifanywa vizuri na tunaishi ndani ya matokeo yake kila siku. M-Pesa. Wengi wetu tulikuwa watoto ilipokuja, kwa hivyo tunadhani mtu alikaa ofisini akawaza, ngoja nitengeneze njia ya kutuma pesa. Hapana. Majaribio yalianza Oktoba 2005, wakishirikiana na Faulu Kenya, watu karibu 500 wa Nairobi na Thika. Na lengo lilikuwa mikopo midogo. Yaani wewe upewe mkopo kwa simu, ulipe kwa simu. Basi. Waliokuwa wanaisimamia, Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliandika wenyewe baadaye vile mambo yalienda. Wale wateja walikuwa wanafanya vitu vingine na ile laini. Mmoja anamlipia mwenzake mkopo ili afanyiwe kazi fulani. Mwingine anaweka pesa upande mmoja, anasafiri, anaitoa akifika, asiibiwe njiani. Mwingine anaiacha humo usiku kwa sababu benki zimefungwa. Wengine wananunulia watu wa nyumbani muda wa maongezi.

Fikiria wewe ni meneja wa huo mradi. Umepewa pesa za kujaribu mikopo, na watu wanatumia mashine yako vibaya. Rahisi sana kuandika kwamba wateja hawafuati maagizo, wapewe mafunzo tena. Hao walichukua hizo stori kama habari. Machi 2007 huduma ilipozinduliwa, mikopo ilikuwa imewekwa kando, na tangazo lilikuwa la kutuma pesa nyumbani. Hakuna fomu ingewaambia hivyo, kwa sababu hakuna fomu ilikuwa na hilo swali. Fomu inaweza kukujibu tu kile ulichokuwa umeshawaza kuuliza.

Kibera tuna mfano wa upande ule mwingine. Septemba 2009, watu wa Soweto Mashariki walianza kuhamishwa kwenda magorofa ya muda kule Lang'ata, chini ya mpango wa serikali na UN-Habitat wa kuboresha mitaa. Nyumba za mawe, stima, maji. Kila familia chumba, jikoni na choo mnagawana. Haikupita muda mrefu, baadhi ya waliopewa walikuwa wamepangishia wengine hivyo vyumba na kurudi mtaani. Wakubwa wakashangaa, magazeti yakaandika vile watu wa mtaa hawana shukrani. Mtaani hiyo ilikuwa hesabu ya darasa la pili. Chumba kizuri cha Lang'ata kinaweza kukuletea kodi, na kodi inaweza kulisha watoto, na biashara yako ya samaki iko kule ulikotoka na wateja wako wako kule. Ukitaka kujua mtu atafanya nini na nyumba, msikilize akiongea na jirani akifua, usimsikilize kwa baraza la chifu. Kwa baraza mtu anasema asante. Yeyote mwenye amelelewa mtaani anajua baraza ni mahali pa kusema asante na kunywa soda.

Na hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu najua kuna mtu anasoma akisema, sasa tuamini kila kitu cha mtaa? Aii, hapana. Mtaa unadanganya pia, na wakati mwingine uwongo wake unakuwa mkubwa hadi dunia inauamini. Miaka mingi kila mtu alikuwa anasema Kibera ina watu milioni moja na zaidi. Wageni walisema, mashirika yakaandika, sisi wenyewe tukapenda kusema. Sensa ya 2009 ikatoa 170,070. Watu walikasirika, na unaweza kubishana na sensa ukitaka, lakini kati ya laki moja na sabini na milioni kuna shimo kubwa sana. Ile milioni ilikuwa uvumi uliovaa suti.

Mwaka huo huo wa 2009, vijana wa Kibera, wakiwa na Erica Hagen na Mikel Maron, walianza kuchora Map Kibera. Kabla ya hapo, kwenye ramani za mtandaoni mtaa ulikuwa doa tupu. Hao vijana walitembea na vifaa vya GPS wakiweka kile kila mkazi alikuwa anajua tayari: choo kiko hapa, maji yanauzwa pale, hapa usiku si salama, hapa kuna zahanati. Hiyo habari yote ilikuwa inaishi midomoni. Tofauti ni kwamba mtu alienda akasimama mahali penyewe kabla ya kuweka alama.

Kuna uvumi wa kubonyesha katoni na kuna uvumi wa kuua. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ujumbe wa simu wenye chuki na uwongo ulizunguka nchi hii, na wazee wetu wa Kibera wanakumbuka vile usiku mmoja ungesikia hao wanakuja, na kule kwa hao pia wanaambiwa nyinyi ndio mnakuja. Kule Tana Delta, baada ya mapigano ya 2012 na 2013 kati ya Wapokomo na Waorma, shirika la Sentinel Project lilianzisha kitu kinaitwa Una Hakika. Ukisikia tetesi unazituma kwa simu, watu wao wanaenda kuuliza wenyeji, halafu wanakurudishia jibu: ni kweli, si kweli, bado tunatafuta. Napenda hapo mahali hawakuwaambia watu waache kuvumisha. Walichukua uvumi kama moshi, wakaenda kuangalia kama kuna moto na uko wapi. Meneja wa kampuni ya watu arobaini anaweza kufanya hivyo bila programu yoyote.

Na meneja mkubwa kuliko wote? 2024 tuliona. Mswada wa Fedha ulikuwa na vikao vyake rasmi vya maoni, na wakati huo huo kwa matatu, kwa kinyozi, kwa simu za kila mtoto wa miaka kumi na tisa, hakukuwa na stori nyingine. Mtu yeyote aliyepanda matatu ya Kawangware wiki mbili mfululizo angejua Juni 25 haingekuwa siku ya kawaida. Watu walikufa. Mswada ukarudishwa Juni 26. Julai 5 ndipo rais akaja kwa X Space kuongea na vijana pale walipokuwa wakiongea siku zote. Nilisikiliza karibu yote. Kitu chenye nilikuwa najiuliza ni hiki tu, ingegharimu nini kuja kusikiliza Mei.

Mtu mwenye nimeona anaifanya vizuri si mkubwa hivyo. Ni mama mmoja ana hadwea mbili na saluni Kawangware, karibu na stage ya 46. Nilienda kumfanyia video ya biashara, nikaishia kukaa pale siku tatu nikimwangalia. Kila siku ya soko anatoka kwa duka lake, anaenda kunywa chai kwa kibanda chenye wafanyakazi wake wanakulia. Haulizi maswali ya kazi. Anauliza mtoto amepona, nyumbani mvua imenyesha. Analipa chai yake peke yake, kwa sababu anasema ukiwanunulia watu chai wanaanza kukuletea stori za kukufurahisha.

Nikamuuliza, ukiambiwa mtu anaiba unafanya nini? Akacheka. Akaniambia, kijana yangu, kwanza sifanyi kitu. Nangoja niisikie kutoka kwa watu wengine wawili wenye hawakai pamoja. Kama ni mtu mmoja tu anasema, labda ni deni lao ama ni mambo ya msichana. Nikishaisikia mara tatu, naangalia stoo mwenyewe usiku. Na hata nikipata ni kweli, bado sijamwita mtu. Mwaka jana kulikuwa na misumari na rangi zinatoka kupitia mlango wa nyuma, na aliyemwambia kwanza alikuwa yule kijana wa mkokoteni, mtu mdogo kabisa pale. Angemshika mwizi siku hiyo, kila mtu angejua ni kijana wa mkokoteni amesema. Kwa hivyo alingoja wiki tatu, halafu akatangaza kwamba anahesabu mali kwa maduka yote mawili, kila mlango, kila mtu, pamoja na shemeji yake anayesimamia duka la pili. Shemeji alikasirika hadi akaacha kuongea naye mwezi mzima. Mwizi akapatikana kwenye hesabu, kwa karatasi, bila mtu kutajwa.

Kijana wa mkokoteni bado yuko. Nilimwona akipakia mabati. Hizo wiki tatu zilimgharimu huyo mama ndoo kumi na moja za rangi, aliniambia nambari yenyewe bila kuangalia kitabu, na akasema hiyo ndiyo pesa aliitumia vizuri zaidi mwaka huo.